Praha kwa miguu: kutoka Daraja la Karolo hadi Ngome, mwongozo kamili

Ukisimama chini ya mnara wa daraja, upande wa Mji Mkongwe wa Praha, mji mkuu wa Ucheki, Ngome unaiona ng'ambo ya mto juu ya kilima, minara ya kanisa kuu imechomoza, na moyo unakwambia ni hapo tu. Ndivyo nilivyomwambia shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Malindi: "Ni hapo tu, shangazi." Saa mbili baadaye alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka katikati ya mlima, kiatu kimoja mkononi, ananiambia kwamba hii "hapo tu" yangu ni ile ya watu wa shamba, wanaokuonyesha njia kwa kidevu halafu unatembea mpaka jua linazama.

Alikuwa na haki. Njia yenyewe ni kilomita moja na nusu hivi, na mkaza mwendo hufika kwa nusu saa. Lakini kuna mlima wa kama mita 70 kutoka usawa wa mto, kuna barabara za mawe, kuna umati wa watu, na kuna vitu vingi vya kutazama hata nusu saa inageuka nusu siku. Nimeshapita hapo na wageni wengi, wenye watoto wachanga na wenye magoti mabovu. Haya ndiyo ninayowaambia siku hizi kabla hatujatoka nyumbani.

Kabla ya kutoka

Kwanza saa. Daraja la Karolo saa tano asubuhi mwezi wa Julai ni kama kivuko cha Likoni jioni ya siku ya kazi: huendi unakotaka, unakwenda unakosukumwa. Fika darajani saa moja asubuhi. Utakuta wapiga picha, maharusi wachache waliorauka, na mtu anafagia. Ukitembea pole pole utafika kwenye lango la Ngome karibu saa tatu, na saa tatu ndipo majengo yake yanapofunguliwa. Viwanja vya Ngome viko wazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na kuviingia ni bure. Majengo ya ndani, yale ya tiketi, hufungwa saa kumi na moja jioni majira ya joto na saa kumi majira ya baridi. Angalizo: tiketi na vibao huandikwa kwa saa za kizungu. Shangazi aliona "9:00" kwenye simu yangu akaanza kujiandaa kwa matembezi ya alasiri.

Pili viatu. Njia nzima imetandikwa mawe, na mawe ya duara yaliyotuna Wacheki wenyewe huyaita "vichwa vya paka". Jina linajieleza: ni mviringo, yanateleza, na kisigino chembamba kinadumbukia katikati yake. Vaa raba zenye soli nene. Kigari cha mtoto chenye matairi madogo kitamtikisa mtoto mpaka meno yagongane. Mbebe mgongoni kwa kanga, utakuwa umemaliza.

Tatu hati. Ucheki imo ndani ya Schengen, kwa hiyo aliyetoka Kenya au Tanzania na viza ya Schengen anaingia bila viza nyingine, lakini pasipoti itembee nawe. Kwenye Ngome unaweza kukaguliwa begi, maana hapo ni ofisi ya Rais wa nchi. Kisu cha kukatia matunda kiache nyumbani.

Nne fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapolia. Nchi iko katika Umoja wa Ulaya lakini haitumii euro, inatumia koruna. Karibu kila mahali kadi inakubaliwa, na mashine ikikuuliza kama ikutoze kwa fedha ya kwenu au kwa koruna, chagua koruna, kwa kuwa ukichagua ya kwenu wanakupangia bei wao. Usibadilishe pesa na mtu wa barabarani hata akutajie bei tamu namna gani. Waliofanya hivyo wamejikuta wameshika noti za nchi nyingine kabisa. Dukani nako kuna mtego. Mara yangu ya kwanza nilipeleka euro 100 kwenye kidirisha kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakuna kamisheni. Kweli haikuwepo. Walijilipa kwenye bei, nikatoka na koruna pungufu kwa karibu robo. Tangu 2019 sheria inakupa saa tatu kuurudisha muamala kama huo, mradi hauzidi thamani ya euro 1,000: unarudi na risiti, unarudisha koruna, unachukua chako. Kwa hiyo risiti usiitupe, na uhesabu kabla hujaondoka dirishani.

Kufika kwenye daraja

Panda metro ya kijani, mstari A, ushuke Staroměstská, kisha tembea dakika tano ukiufuata mto. Au panda tramu namba 17 ushuke Karlovy lázně, na daraja utaliona hapo hapo. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine: ya metro kabla hujateremka jukwaani, ya tramu ukishaingia ndani. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na wakaguzi wengi hawavai sare. Mtu aliyekaa karibu nawe akisoma gazeti anaweza kusimama akakuonyesha beji.

Kwenye vibao utaona *Karlův most*. Ndiyo hilo.

Darajani: tembea kwa kukatiza

Daraja lililotangulia hapa lilikuwa la Malkia Judith, na mafuriko ya 1342 yakalibomoa. Mfalme Karolo wa Nne akaweka jiwe la msingi la hili mwaka 1357. Wenyeji husimulia kwamba wanajimu walimchagulia tarehe 9 mwezi wa 7, saa 5:31 alfajiri kwa saa za kizungu, ili tarakimu zipande na kushuka: 1-3-5-7-9-7-5-3-1. Husimulia pia kwamba chokaa ilichanganywa na mayai yaliyokusanywa nchi nzima. Ujenzi wenyewe huhusishwa na fundi Petr Parléř, na ukaendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Urefu ni mita 516, upana karibu mita 10, na matao ni 16.

Sanamu ziko 30, nyingi zikiwa nakala. Zile za asili zimehifadhiwa zisiliwe na mvua. Ukijaribu kuzitazama zote hutafika. Mimi huwapeleka wageni kwenye tatu tu, tukikatiza kutoka ukingo hadi ukingo.

Ya kwanza iko kushoto, ya tano ukihesabu kutoka mnara wa Mji Mkongwe. Ni Mtakatifu Fransisko Ksaveri, kazi ya Ferdinand Brokoff ya mwaka 1711, naye ameinuliwa juu na watu wa mataifa ya mbali, Mwafrika akiwemo. Mafuriko ya 1890 yaliiporomosha mtoni pamoja na matao ya daraja, kwa hiyo unayoiona ni nakala. Wageni wengi hupita bila kugeuza shingo. Shangazi alisimama. Alinisikia nikisoma jina, akavuta kanga yake juu ya koti, akauliza, "Huyu si yule wa kwetu?" Nikamwambia wa kwetu vipi. "Wa kile kikanisa cha Wareno, cha makuti, karibu na bahari." Na kweli, Ksaveri alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, na kikanisa chenye makaburi hadi leo watu hukitaja pamoja na jina lake. Shangazi ni Mwislamu, wala hana haja na watakatifu wa mtu, lakini alimtazama kama unavyomtazama mtu mliyeonana stendi ya mji wa mbali ukamkumbuka sura. Tulikaa hapo robo saa.

Kisha katiza uende kulia, sanamu ya nane. Huyu huwezi kumkosa: ana nyota tano kichwani na kuna foleni mbele yake. Ni Yohane wa Nepomuk, padri ambaye Mfalme Václav wa Nne aliamuru atupwe mtoni kutoka daraja hili mwaka 1393. Hadithi ya watu inasema alikataa kumfichulia mfalme maungamo ya malkia. Wanahistoria wanasema ugomvi ulikuwa wa mfalme na askofu mkuu juu ya madaraka ya kanisa, na padri akaangukia katikati. Sanamu ni ya 1683, ya kwanza kabisa kuwekwa kati ya hizi za watakatifu. Vibao vya shaba chini yake vimeng'aa kama sufuria mpya kwa kushikwa na mikono, kwa imani kwamba anayegusa atarudi Praha. Gusa ukitaka, ila begi lako lihamishie kifuani kwanza. Watu wote wakiwa wameinamia kibao, wachomozi ndipo wanapokuwa kazini. Likumbuke jina hili la Nepomuk, tutakutana naye tena juu.

Ya tatu iko kushoto tena, ya pili kutoka mwisho. Chini yake kuna pango lenye nondo za chuma, ndani mna mateka waliofungwa, na nje amesimama mlinzi Mturuki mwenye kitambi na jambia pamoja na mbwa wake. Watakatifu walioko juu, Yohane wa Matha na Felix, walianzisha shirika la kukusanya fedha za kuwakomboa mateka Wakristo. Watoto humpenda sana huyu Mturuki kuliko watakatifu wote wa darajani, na Wacheki nao.

Kabla ya kumaliza daraja kuna ngazi upande wa kushoto zinazoshuka Kampa, kisiwa chenye miti na viti vya kukaa. Mwenye watoto awateremshe wakimbie kidogo. Mwingine apite.

Mji mdogo chini ya kilima

Unatoka darajani kupitia lango lenye minara miwili isiyolingana. Ule mfupi ni wa zamani kuliko daraja lenyewe. Ni mabaki ya lile la Judith. Mbele yako ni mtaa wa Mostecká, maduka matupu ya zawadi. Utasikia harufu ya sukari na mdalasini: ni trdelník, unga uliozungushwa kwenye kijiti ukachomwa, unauzwa kama chakula cha asili cha Praha. Mwulize mwenyeji yeyote mwenye umri, atakwambia utotoni mwake hakukiona. Ni kitamu, sikatai, lakini bei yake ingenunua mandazi ya ukoo mzima.

Mostecká unaishia uwanja wa Malostranské náměstí. Kuba kubwa la kijani ni la kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambamo Mozart alipiga kinanda mwaka 1787. Ukiwa Mkatoliki, ongeza dakika tano kushoto kwenye mtaa wa Karmelitská hadi kanisa la Panna Maria Vítězná, umwone Mtoto Yesu wa Praha mwenyewe, ile sanamu mashuhuri. Wageni wangu wengi waliotoka Moshi na Kisumu walimjua kwenye picha ukutani tangu utotoni, wakashangaa alivyo mdogo: sentimeta 47. Alitolewa zawadi kwa Wakarmeli mwaka 1628, na watawa humbadilisha mavazi kufuata majira ya kanisa.

Hapa uwanjani ndipo pa kuamua. Jipime bila aibu. Mwenye goti bovu, mjamzito, au mwenye mizigo asipande mlima. Apande tramu namba 22 inayoelekea Bílá Hora, ashuke kituo cha Pražský hrad, kisha atembee dakika tano kwenye tambarare hadi lango la kaskazini la Ngome. Mngojane ndani. Laiti ningeyajua haya siku ile, shangazi asingevua kiatu.

Nerudova, mtaa wa kupanda

Wanaotembea tuendelee. Mtaa wa Nerudova unaanzia kona ya juu ya uwanja, nao ni mlima mtupu mpaka mwisho. Panda kwa mwendo wa mzee, ukitazama juu ya milango. Kabla nyumba hazijapewa namba mwaka 1770, kila moja ilijulikana kwa alama yake, na alama nyingi bado zipo: namba 12 ina fidla tatu, na nyingine zina ufunguo wa dhahabu, kikombe, mwanakondoo mwekundu. Kwetu bado tunaelekezana hivyo hivyo, "nyumba yenye mlango wa kijani, mkabala na mwembe."

Simama namba 5, mkono wa kushoto. Ni kasri la Morzin, leo ubalozi wa Romania. Roshani yake imebebwa mabegani na Waafrika wawili wa mawe, tena kazi ya Brokoff yule yule wa sanamu ya Ksaveri, ya mwaka 1714. Familia iliitwa Morzin, na jina hilo likafananishwa na neno la "Mwafrika" katika lugha za huku, ndipo wakafanya watu weusi nembo ya ukoo. Hapo ndipo shangazi alipokaa kuvua kiatu, kwenye kizingiti cha jirani. Alimtazama yule wa karibu kwa muda, misuli imemsimama, macho yameangalia chini, akamwambia, "Pole, baba. Mzigo huo umeubeba tangu lini?" Nikamtajia mwaka. Akahesabu kwa vidole. "Miaka mia tatu na zaidi, na hakuna aliyemwambia tua." Watalii walikuwa wanapiga picha za mlango. Sijui kama nampenda Brokoff au namchukia. Mikono yake ilijua kuchonga mtu. Lakini mgeni wangu Mwafrika simpitishi hapo bila kusimama.

Ukiendelea, angalia sana upande wa kulia: njia iitwayo Ke Hradu, maana yake "kuelekea Ngome", inakata kona kali na kupanda. Wengi huikosa kwa kuwa mtaa wenyewe unaendelea mbele kwa unyoofu. Ukijikuta mbele ya namba 47, nyumba ya jua mbili alimoishi mwandishi Jan Neruda ambaye mtaa umepewa jina lake, umeshapitiliza. Itazame halafu urudi.

Langoni na ndani

Ke Hradu inakutoa kwenye uwanja wa Hradčanské náměstí. Kabla ya lango, nenda kwenye ukuta wa kulia uangalie chini: mapaa mekundu yote, mto, na daraja ulilotoka limekuwa dogo kama la kuchezea. Pumua hapo, unywe maji.

Walinzi langoni hupokezana kila saa, na saa sita kamili mchana kuna gwaride lenye tarumbeta. Ukifika saa tatu usilingojee. Saa sita utakuwa ndani, na kelele utazisikia.

Ngome ilianza mwishoni mwa karne ya 9, nayo ni mji kuliko ngome: karibu mita za mraba 70,000 za makanisa, kasri, vichochoro na bustani. Nunua tiketi ya mzunguko mkuu, kwa sababu inaingiza kanisa kuu, Kasri la Zamani na Kichochoro cha Dhahabu. Anza na kanisa kuu la Mtakatifu Vito kabla makundi hayajafika. Isipokuwa Jumapili: asubuhi hiyo ni ya misa, na watalii huingizwa kuanzia saa sita mchana. Kanisa lilianza kujengwa 1344 na likamalizika 1929, kwa hiyo anayelalamika kwamba nyumba yake kijijini haijafika linta baada ya miaka mitano na apate faraja. Zunguka nyuma ya altare kuu, upande wa kulia. Kuna kaburi la fedha tupu, karibu tani mbili, malaika wanaelea juu yake. Ni la Nepomuk, yule wa mtoni. Mfalme mmoja alimtupa majini. Waliokuja baadaye wakamlaza kwenye fedha, mita chache kutoka kwa wafalme wenyewe.

Kwenye Kasri la Zamani, chumba cha pembeni mwa Ukumbi wa Vladislav kina dirisha ambalo Mei 23, 1618 Waprotestanti waliokasirika waliwarusha magavana wawili na karani wao. Wote watatu walipona, lakini Vita vya Miaka Thelathini vikaanzia hapo. Watu wa mji huu na kutupana, kumbe ni desturi.

Kichochoro cha Dhahabu ni vijumba vidogo vya rangi vilivyobandikwa ukutani. Namba 22, ya buluu, mwandishi Franz Kafka aliitumia kuandikia kuanzia 1916 hadi 1917. Ukikuta umejaa, jioni majengo yakishafungwa kichochoro hupitika bila tiketi, ingawa vyumba vyake vinakuwa vimefungwa.

Kushuka

Usirudi kwa Nerudova. Toka kwa lango la mashariki, chini ya kichochoro hicho, ushuke kwa Ngazi za Zamani, *Staré zámecké schody*. Hatua zake ni pana na fupi, goti halilii sana, na mji uko mbele yako muda wote. Theluji ikiwa imeganda ziache kabisa. Rudi kwenye tramu ya 22, begi likiwa mbele, maana wachomozi nao wanaipenda namba hiyo. Chini ya ngazi ni kituo cha metro cha Malostranská. Gonga tiketi, panda metro ya kijani inayovuka mto, na kituo kinachofuata ni Staroměstská, ulikoanzia asubuhi.